Mwaka wa Mkanda wa Mtunzi

Nilipokuwa nimekaa eda watu waliingia chumbani kwangu wakinong'ona, kana kwamba na mimi nimekufa. Walikaa mkekani, wakaniuliza kama nimekula, wakatazama ukuta, wakaaga. Mjukuu wangu Zuhura peke yake ndiye aliyeingia na sauti yake ya kila siku. Alikuwa amekuja likizo kutoka chuoni Mtwara, akapanda kitandani kwangu na viatu, nikamkaripia, akavua kimoja. Akasema, "Bibi, nimeipata ile filamu yenu." Nikamuuliza filamu gani. "Ile ambayo Babu alikutongozea." Hilo si neno la kumwambia mjane aliyevaa nguo nyeupe, lakini nilicheka, na kicheko kile kilinipa nafuu kuliko pole zote nilizopewa tangu msiba uingie.

Hapa inabidi nieleze, maana hadithi hii kwetu imesimuliwa mpaka imekuwa kama kiti cha sebuleni, hakuna anayeitazama tena. Mume wangu Athumani, kabla hajawa mume wangu, alikuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha shangazi yangu hapa Newala. Kulikuwa na mkanda mmoja wa mapenzi ya zamani, na ndani ya mkanda huo, hivi ndivyo nilivyowasimulia wanangu, baba yao alikuwa akiongeza maneno yake mwenyewe ya kunitongoza mimi mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Nimelisimulia hilo kwenye harusi za watu. Nimelisimulia yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni, akitabasamu, akiomba aongezewe chai. Hakuwahi kukana hata siku moja. Sasa siku ile Zuhura aliegemeza simu yake kwenye mto, filamu ikaanza, na chini ya picha yakawa yanapita maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa. Kiingereza changu cha leo si kile cha ujana, Athumani mwenyewe alinifundisha mpaka nikawafundisha wengine. Nikasoma. Nikamwambia Zuhura arudishe nyuma. Nikasoma tena. Kila neno nililodhani ni la mume wangu lilikuwemo kwenye filamu. Hakuwa ameongeza kitu.

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kumwita aje anieleze, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kuita nilipokumbuka kwamba hayupo wa kuitwa. Nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi, mpaka Zuhura akaogopa akaenda kumwita mama yake. Hasira ilipokwisha kikabaki kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachonikalisha hapa kuandika habari za mwaka ule.

Mimi, Somoe, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Masasi na matokeo yangu hayakuwa ya kuonyesha watu, kwa hiyo nikapelekwa Newala kwa shangazi yangu, ambaye watu wote walimwita Mama Salumu. Shangazi alikuwa mjane, mnene wa wastani, mwenye kauli moja. Alikuwa na vitu viwili ambavyo Newala ilivihitaji. Cha kwanza kilikuwa kisima kikubwa cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Anayejua uwanda wetu anajua maana yake, sisi tunaokaa juu tunautazama mto Ruvuma kwa mbali kule bondeni na kuoga kwa kikombe. Cha pili kilikuwa kibanda cha video nyuma ya nyumba, cha udongo na mabati, mabenchi ya mbao, na mablanketi mazito ya kijivu yaliyopigiliwa madirishani ili kuzuia mwanga. Ndani kulinuka petroli ya jenereta, jasho, na korosho za kuchoma. Mikanda yote ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chetu, kwa sababu Shangazi hakumwamini mtu, na mimi nililala juu ya wapiganaji wa Kichina mwaka mzima. Kazi zangu zilikuwa mbili vilevile. Asubuhi niliwachotea watu maji. Mchana na jioni nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda kupokea kiingilio.

Athumani alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari pale mjini, mtu wa Mnyambe, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola inakata. Sote tulimwita Ticha. Filamu za Kiingereza zilikuwa hazina faida kwa mtu yeyote bila yeye. Alikaa kando ya televisheni, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti, wa kulia umeshika maiki. Wazungu wakianza kusema alipunguza sauti yao, akasema yeye, akawarudishia. Alikuwa na sauti ya mzee, ya mtoto, ya askari, ya mwanamke mwenye maringo. Watafsiri wengine niliowahi kuwasikia walikuwa wakitunga tu, filamu ya vita wanaigeuza ugomvi wa majirani, na watu wanafurahi. Ticha hakuwa hivyo. Akikosa neno alinyamaza, akasema, "Hapo sijaelewa, twende mbele." Wanaume wa jioni, wale waliokwisha kunywa uraka wao, pombe ya mabibo, walimzomea kwa hilo. Yeye alicheka nao, akaendelea.

Ule mkanda wa mapenzi aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Wanaume waliutazama mara moja wakataka kuvunja mabenchi, maana hakuna anayepigwa. Lakini spika ya kibanda ilikuwa imefungwa nje juu ya mlango, na kina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji walisikia kila kitu. Kesho yake Mama Rukia, jirani yetu, mwanamke ambaye akinong'ona anasikika mpaka kijiji cha Mkunya, alimfuata Shangazi kisimani na ndoo yake kichwani. "Mama Salumu, yule mshona nguo aliolewa au hakuolewa?" Shangazi akamjibu hajui, yeye anauza viti hauzi habari. "Basi tuuzie viti," akasema Mama Rukia. Hivyo ndivyo yalivyoanza maonyesho ya kina mama, kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Walikuja na kanga zao, watoto mgongoni, ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, ndani ya bakuli iliyopita kutoka benchi hadi benchi. Wanaume walizuiwa wasiingie, isipokuwa Ticha.

Filamu yenyewe ilikuwa ya yule mtunzi mashuhuri wa Waingereza, yule wa michezo ya kuigiza ambaye hata sisi tuliofeli tulikaririshwa maneno yake. Watu wa filamu walikuwa wamejitungia ujana wake. Walimfanya kijana maskini, anayedaiwa na mwenye nyumba, anayempenda msichana mshona nguo za waigizaji. Msichana hajui kusoma. Barua hazimfai. Na baba yake ameshamwahidi kwa mfanyabiashara wa ngozi. Basi mtunzi anayaweka mapenzi yake ndani ya michezo, anawapa waigizaji wayaseme jukwaani, na msichana anakuja kila siku kusimama nyuma kabisa, mlangoni, kuyasikiliza. Kina mama waliielewa filamu ile kwa namna yao. Walipoona wavulana wamevalishwa magauni kuigiza kama wanawake, kwa sababu enzi hizo wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, Mama Rukia aliuliza, "Kwani wanawake wao hawachezi unyago? Sisi tukitaka mwanamume kwenye mchezo tunamvalisha shangazi suruali, yanakwisha." Ticha aliweka maiki chini akacheka mpaka akafuta machozi, na tukapitwa na kipande kizima.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mwigizaji aliyevaa kama mfalme anakuja mbele ya jukwaa, anawapita kwa macho watu wote waliosimama uani, anamtazama msichana kule mlangoni, na kusema maneno ambayo mtunzi amemwandikia. Kwa sauti ya Ticha yalikuwa hivi: "Wewe uliye mlangoni. Haya yote yalikuwa yako. Mimi ni mdomo tu wa kuyabeba. Sikuulizi jina, wala nyumba ya baba yako. Nakuuliza neno moja. Utabaki?" Msichana anainamisha uso. Kimya kirefu. Kisha anatoka, nje kuna mkokoteni wa mwenye ngozi, anapanda. Mtunzi anarudi mezani kuandika. Kila Jumamosi kina mama walisonya pale pale, kwa pamoja, halafu Jumamosi iliyofuata wakaja tena kuona kama safari hii atajibu.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa wapi? Mlangoni. Kwenye kigoda changu, nyuma ya watu wote, Ticha ametazama upande wangu kwa sababu televisheni iliwekwa hivyo. Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu mtihani, na kile cha filamu kilikuwa cha kale, tena kimepunguzwa sauti. Nilidaka neno hapa na neno pale, jua, moyo, mfalme. Nilisikia Wazungu wakisema machache na Ticha akisema mengi. Tena kila wiki maneno yake yalibadilika, yakawa mazuri zaidi. Wiki ya kwanza alisema "mimi nayasema tu." Baadaye ndipo ukaja ule mdomo wa kuyabeba. Leo najua alikuwa akirudi nyumbani akiyafikiria upya, akiyatafutia Kiswahili chake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu, hata sahani aliosha mara mbili. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba kuna mtu ananiambia maneno mbele ya watu na ni mimi peke yangu ninayeyaelewa. Nilikuwa nikirudi ndani nimekosa hamu ya kula.

Na mwaka huohuo kulikuwa na posa. Alikuwa mfanyabiashara wa Masasi, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mzima mwenye heshima zake. Washenga wake walikuja, wakaambiwa majibu watapata msimu wa korosho ukiisha. Yeye mwenyewe nilimwona mara moja, alipokuja kula chakula cha mchana. Shangazi alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na mgeni alizungumza habari za minyororo ya baiskeli tangu kunawa hadi kunawa. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa dhati, hata kwenye mazishi ya mume wangu alikuja, mzee mwenye kofia safi, akanipa pole ya kweli. Lakini sikuweza kuwaza kukaa naye maisha yangu yote. Jioni moja nilikuwa jikoni napuliza moto wa kuni mbichi, nikamsikia Shangazi uani akimwambia Mama Rukia, "Yule mtu wa Masasi anafaa. Ana nyumba ya bati, hana mke mwingine. Somoe hajasema hataki." Mama Rukia akamjibu, "Hajasema anataka pia." Shangazi akamwambia, "Sasa mimi nitajuaje? Huyu mtoto umuulize, anatazama miguu. Korosho zikiisha nitasema ndiyo, maana siwezi kumfungia mtu ndani akisubiri afungue mdomo." Mwanangu unayesoma haya, usinidhanie nilikuwa mpole. Nilikuwa na maneno mengi, yalikuwa yananiishia kooni tu.

Korosho zilikuwa zinaisha. Magunia yalikuwa yamekwisha kwenda ghalani, mabibo ya mwisho yanaozea chini ya mikorosho, na nilijua kwamba washenga wa Masasi watarudi wakati wowote. Jumamosi ile kibanda kilijaa kuliko kawaida. Nje kulikuwa na foleni ya maji mpaka barabarani, nao wanasikiliza spika bure. Filamu ikaenda. Wavulana wakavaa magauni, Mama Rukia akasema yake, wakacheka. Mfalme akaja mbele ya jukwaa. Ticha akapunguza sauti, akainua uso kuelekea mlangoni, akasema, "Nakuuliza neno moja. Utabaki?"

Msichana akainamisha uso. Kikaja kile kimya ambacho wote tulikijua. Nikasema, "Nitabaki."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini kimya kilikuwa kikubwa. Vichwa vyote viligeuka. Shangazi, aliyekuwa benchi la mbele, alinyoosha mkono akabonyeza deki, picha ikaganda, msichana wa Kizungu na mguu mmoja mlangoni. Akasimama. Alinitazama mimi, kikopo cha kiingilio mkononi, nikiwa nimeinua uso kwa mara ya kwanza tangu nifike kwake. Akamgeukia yule mwanamume.

"Ticha. Swali hilo umeuliza wewe au ameuliza huyo Mzungu?"

Nimeikumbuka sura yake maisha yangu yote na sikuwahi kuielewa mpaka mwezi uliopita. Nilidhani ni haya ya mtu aliyekamatwa. Alimtazama Shangazi, akaitazama televisheni, akanitazama mimi. Alichukua muda mrefu. Nilimlaumu baadaye kwa kukawia kule, kwa utani, mara nyingi, kwamba alinitesa. Kumbe mtu yule alikuwa amekuja kutafsiri tu. Alikuwa na jibu la kweli mdomoni, jepesi, la kumtoa matatani papo hapo: ameuliza Mzungu, Mama, mimi nayasema tu. Watu wangeangua kicheko. Nami ningekuwa msichana aliyejibu posa ya televisheni. Newala ni mji mdogo, na kisima cha Shangazi kilikuwa kinapitiwa na kila nyumba. Kufika jioni wangekuwa wananiigiza. Kufika Ijumaa Masasi ingejua, na washenga wasingerudi, wala wa kule wala wa kwingine. Na mimi ninavyojijua, nisingefungua mdomo tena mbele ya watu, mimi niliyekuja kusimama mbele ya madarasa mpaka nikastaafu. Sikujua kwamba niko ukingoni. Yeye alijua. Aliona yote hayo kwa muda ule alioshika maiki.

"Nimeuliza mimi, Mama Salumu," akasema.

Maiki ilikuwa bado imewashwa, kwa hiyo hata foleni ya maji ilisikia. Nje kulipigwa vigelegele kabla ya ndani. Shangazi aliwaacha wamalize, akajifunga kanga yake upya. "Sisi hapa hatuposi kwa televisheni," akamwambia. "Una wazee Mnyambe. Watume." Kisha akabonyeza deki. "Haya, tafsiri. Watu wamelipa." Na Ticha akamalizia filamu kwa sauti iliyopasuka, msichana akapanda mkokoteni wa mwenye ngozi kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesonya.

Baba mdogo wa Ticha alikuja kutoka Mnyambe wiki ileile, na mzee mmoja mwenye kikohozi. Shangazi aliwapelekea watu wa Masasi neno la heshima na kuku wa kuomba radhi. Jinsi alivyoendesha mambo hayo bila kumvunjia mtu yeyote heshima, sijaona mwingine wa kumfikia, na nilichelewa kumshukuru, nilimshukuru akiwa mgonjwa na hasikii vizuri. Yeye naye sasa nadhani alishuku. Mwanamke aliyeuliza swali lile kwa namna ile hakuwa mjinga. Alimwachia mtu mlango wazi, akamtazama atapita wapi.

Je, Athumani alikuwa ananipenda kabla ya siku ile? Labda alikuwa akinitazama kweli, labda alikuwa akitazama mlango. Sina wa kumuuliza. Ninachojua ni miaka niliyoishi naye, na katika miaka hiyo hakuna siku aliyonifanya nijione kama mtu aliyepokewa kwa huruma. Alinisomesha. Alikaa na vitabu vyangu na watoto wakilia mapajani mwake. Alinisikia nikijitapa mbele ya wakwe na wajukuu kwamba mimi ndiye niliyetongozwa kuliko wanawake wote wa uwanda huu, na aliomba chai. Ukitaka kujua uzito wa hilo, jaribu wewe kukaa na jibu zuri la utani miaka yote hiyo usilitoe.

Mara moja tu nilimuuliza. Ilikuwa wiki ya kwanza ya ndoa, kwenye chumba chetu cha nyumba za walimu, chumba chenye kitanda, meza na vitabu vyake vilivyopangwa juu ya matofali. Nilikuwa nimepika ugali na mbaazi, tumekaa chini, sahani moja katikati. Nikamwambia, "Hebu niambie ukweli. Ulianza lini kuniambia mimi yale maneno?" Alikuwa amekwisha kumega tonge. Alilishika bila kulila, akanitazama kwa muda, uso wake umetulia kabisa.

"Tangu siku ile ulipoyasikia," akasema.

Nikamwambia aache maneno ya filamu, ale, ugali unapoa.